Saiklokrosi, au mbio za kushuka kwenye baiskeli

Ukimwona mtu anakokota baiskeli barabarani, hujiulizi mengi. Ama amepata pancha, ama cheni imekatika, ama mlima umemshinda. Kukokota, katika Kiswahili cha kila siku, ni jambo la kulazimika, na mwenye kukokota hutamani njia iwe fupi. Upo lakini mchezo mmoja wa mbio za baiskeli ambamo kushuka, kuitupia baiskeli begani na kukimbia nayo ni sehemu ya ufundi wenyewe, na mtu mwenye mapafu makubwa asiyejua kushuka huachwa na mwenye mapafu ya kawaida anayejua. Jina lake la kimataifa ni cyclo-cross. Hapa nitaliandika saiklokrosi, na sababu zangu nitazitoa.

Kwanza tuujue mchezo. Mbio hizi hufanyika kwenye njia ya mzunguko iliyozungushiwa utepe, yenye urefu wa kilomita 2.5 hadi 3.5, mara nyingi katika bustani ya mji, msitu mdogo au shamba la mtu. Ardhi ni mchanganyiko: majani, matope, mchanga, kipande kifupi cha lami, ngazi, na kilima kikali kisichopandika. Msimu wake huko Ulaya ni Septemba hadi Februari, wakati wa mvua na baridi, kwa hiyo matope si bahati mbaya. Washindani hawapewi umbali, hupewa muda. Wanaume wa daraja la juu hukimbia kama saa moja, wanawake kama dakika 50.

Mchezo ulizaliwa Ufaransa mwanzoni mwa karne iliyopita. Sifa ya kuuanzisha hupewa mwanajeshi mmoja, Daniel Gousseau, na mwaka 1902 Wafaransa walikuwa tayari wana mashindano ya ubingwa wa taifa. Octave Lapize aliposhinda Tour de France ya mwaka 1910, alisema mazoezi ya saiklokrosi ya majira ya baridi ndiyo yaliyomjenga, na waendeshaji wengi wa barabarani wakageuza macho. Ubingwa wa dunia ulianza mwaka 1950 jijini Paris, akaushinda Jean Robic, ambaye miaka mitatu nyuma alikuwa ameshinda Tour yenyewe. Baadaye utawala ukahamia Ubelgiji. Erik De Vlaeminck alitwaa ubingwa wa dunia mara 7 kati ya 1966 na 1973. Wanawake walisubirishwa hadi mwaka 2000 ndipo wakapata ubingwa wao wa dunia, wakati mchezo ulikuwa na umri wa karibu karne nzima. Mholanzi Marianne Vos peke yake ameshaubeba mara 8.

Sasa jina. Nusu ya pili, cross, Wafaransa waliikata kutoka kwenye jina la Kiingereza la mbio za miguu za mashambani. Na jina la zamani la mchezo huu Ufaransa lilikuwa wazi zaidi kuliko la sasa: cross cyclo-pédestre, yaani mbio za mashambani za baiskeli na miguu. Miguu ilitajwa kwenye jina. Ilipofupishwa, miguu ikapotea, na ndiyo maana leo mgeni akilisikia jina hudhani ni mbio za baiskeli tu. Watu wa Flanders, huko Ubelgiji, ambako mchezo huu huvuta maelfu ya watazamaji wenye bia na chipsi mkononi kila Jumapili ya baridi, huuita veldrijden, kuendesha kondeni. Jina tamu, lakini nalo limesahau miguu.

Kiswahili kina neno lililo tayari, angalau kwa nusu ya kazi. Mbio za miguu za mashambani sisi tunaziita mbio za nyika, na hakuna msikilizaji wa redio Kenya au Tanzania asiyelijua jina hilo. John Ngugi alilitangaza kwa ubingwa wake wa dunia mara 5, na Paul Tergat akafuatia na mara 5 mfululizo, 1995 hadi 1999. Wapo wanaosema nyika ni pori kavu na bustani ya mji haiwezi kuitwa nyika. Hoja hiyo ilikwisha Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika Mombasa, kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari. Kama uwanja wa gofu uliofyekwa ni nyika, basi bustani yoyote ni nyika.

Kwa hiyo mbio za nyika za baiskeli? Nilivutiwa na jina hilo, na bado nalipenda masikioni. Tatizo ni kwamba kuna mchezo mwingine wenye haki kubwa zaidi ya kulidai: mbio za baiskeli za milimani zinazopita nyikani, zilizoingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta. Hizo zina baiskeli yenye tairi pana na springi, hufuata vijia vya msituni na mawe, na jina lake la kimataifa limebeba neno lilelile, cross. Tukiupa mchezo wa Gousseau jina hilo, mtangazaji wa Olimpiki atakosa la kusema. Ndipo ninapoona afadhali kuukaribisha mchezo kwa jina la kukopa, saiklokrosi, kama tulivyoikaribisha baiskeli yenyewe, na kuyatafuta maneno ya ndani ya mchezo kwetu.

Na maneno ya ndani tunayo. Hayako kwenye msamiati wa baiskeli, yako kwenye msamiati wa riadha, kwa sababu ya ile miguu iliyokatwa kwenye jina. Mbao mbili zinazowekwa kukatiza njia, zisizozidi kimo cha sentimita 40 na zilizoachana mita 4, ni viunzi, vilevile vya mbio za kuruka viunzi. Mabingwa wachache huviruka wakiwa juu ya baiskeli. Wewe unayeanza, shuka.

Kushuka kwenyewe kuna mpangilio, na hufanywa upande wa kushoto, kwa kuwa kulia kuna cheni na meno yake. Ukikaribia viunzi, acha kupiga pedeli, vusha mguu wa kulia nyuma ya kiti mpaka uje kushoto, uzito wote ukiwa juu ya pedeli ya kushoto. Mkono wa kulia ushike bomba la juu la fremu, wa kushoto ubaki kwenye usukani. Mguu wa kulia ukigusa ardhi, wa kushoto uwe umeshaachia pedeli, nawe unakimbia. Baiskeli inainuliwa kwa bomba hilo la juu, inapitishwa juu ya kiunzi, inatuliwa. Mbele ya ngazi ndefu au kilima cha matope, kuinua hakutoshi: hapo unabeba. Mkono wa kulia unapita chini ya fremu, bomba la juu linakaa begani, na mkono huohuo unakwenda kuushika usukani ili gurudumu la mbele lisikuyumbishie. Kwa ajili hiyo baiskeli za saiklokrosi kwa kawaida hazifungwi kishikio cha chupa ya maji. Kingekuchoma mbavuni.

Kupanda tena ndiko kunakowashinda wengi. Anayeanza hukanyaga hatua fupifupi za woga, halafu hujirusha kitini kama anayepanda farasi, na kiti humjibu. Njia ni kusukuma kwa mguu wa kushoto huku ukikimbia, kulalia kiti kwa paja la ndani la mguu wa kulia, kisha kuteleza mpaka ukae. Haya yote yanajifunzwa kwa mwendo wa kutembea, kwenye majani, bila kiunzi chochote, mpaka mwili uache kufikiri. Viatu viwe na njumu, maana kwenye kilima chenye utelezi soli laini haifai kitu.

Kuhusu baiskeli, usinunue haraka. Kanuni ya kimataifa ya tairi lisilozidi milimita 33 huwabana walio kwenye mashindano makubwa. Katika mbio nyingi za mitaani wanaoanza huruhusiwa kuja na baiskeli ya milimani. Ya changarawe nayo inafaa, na hiyo Afrika Mashariki inaijua, tangu Migration Gravel Race ilipoanza kupita Maasai Mara mwaka 2021. Kitu kimoja tu kigeuze: upepo. Waliozoea lami hujaza tairi mpaka liwe jiwe, na jiwe huteleza kwenye matope. Tairi lisilo na tyubu linaweza kwenda na upepo wa psi 25 hadi 30 kwa mtu wa uzito wa wastani, likaikumbatia ardhi. Lenye tyubu liongeze kidogo, la sivyo rimu itaibana tyubu kwenye mzizi wa kwanza na utaikokota baiskeli kwa maana ile ya zamani.

Mahali pa kubadilishia baiskeli, ambako mabingwa huacha iliyojaa matope na kuchukua safi huku fundi akiiosha ya kwanza kwa mashine ya maji, napendekeza tupaite kituo cha kupokezana. Neno latoka kwenye mbio za kupokezana vijiti. Anayeanza, mwenye baiskeli moja, atapita hapo akitazama tu.

Limebaki neno moja ambalo utalihitaji mapema kuliko mengine yote: kuzidiwa mzunguko, yaani kupitwa na kinara aliyekutangulia mzunguko mzima. Waamuzi hutazama muda wa mizunguko ya mwanzo, hupiga hesabu ya mizunguko itakayojaza muda uliopangwa, kisha huonyesha namba iliyobaki kwenye kibao, na kengele hulia kwa mzunguko wa mwisho. Kwenye mashindano makubwa, anayekaribia kuzidiwa na kinara hutolewa njiani kabla hajafikiwa. Kwenye mbio za wanaoanza, mara nyingi huachwa aendelee, na kinara akimaliza, yeye naye hukamilisha mzunguko aliomo na kuandikwa kuwa amemaliza, mizunguko pungufu. Ukisikia kiongozi anakuja nyuma yako, shika mstari wako, usikatize kumpisha ghafla. Atapita mwenyewe, na pengine atapita kwa miguu, baiskeli ikiwa begani.