Mume, Mke na Kibali cha Kazi: Historia ya Kumfuata Mwenza Uingereza

Sheria za Uingereza zinazomhusu mgeni anayetaka kuungana na mwenza wake aliyekwisha kuhamia huko zilikua ndani ya sheria za ajira kuliko za ndoa, na kwa sababu hiyo kwa miongo mingi maombi ya mke na ya mume yalipimwa kwa mizani tofauti, kutegemea dhana ya watunga sheria kuhusu nani katika nyumba ndiye anayefanya kazi. Historia hiyo inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, kwani miongoni mwa familia zilizoumizwa mapema na dhana hiyo zimo zilizotoka Kenya na Uganda.

Hadi mwaka 1962 raia wa Jumuiya ya Madola aliweza kuingia Uingereza na kutafuta kazi bila kuomba kibali. Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo, ilileta vocha ya kazi, yaani hati iliyotolewa na Wizara ya Kazi kabla mhamiaji hajasafiri, nayo ilikuwa ya madaraja matatu: daraja A la aliyekwisha kupata mwajiri, daraja B la mwenye ujuzi uliohitajika, na daraja C la asiye na ujuzi maalumu wala mwajiri, ambalo lilisitishwa mwaka 1964. Mke na watoto wa chini ya miaka 16 waliruhusiwa kumfuata mwenye vocha bila wao kuwa na vocha, kwa kuwa walihesabiwa kuwa wategemezi, watu ambao riziki yao iko mikononi mwa mwingine. Mume hakupewa haki hiyo. Aliruhusiwa kumfuata mkewe kwa hiari ya serikali tu, na mnamo Januari 1969 Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, aliifunga hata njia hiyo ya hiari, akawaachia wachache waliokuwa na shida za pekee. Tangu hapo mwanamume ambaye mkewe alikuwa akiishi London au Leicester ilimbidi atafute vocha yake mwenyewe, kana kwamba hakuwahi kuoa.

Huku Nairobi mambo yalikwisha kuharibika kwa namna nyingine. Sheria ya Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 1967 iliwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, na maelfu ya Waasia, yaani watu wenye asili ya Bara Hindi, ambao wakati wa uhuru walibaki na pasipoti za Uingereza badala ya kuchukua uraia wa Kenya, waliona riziki zao zikikatika. Walipoanza kuondoka kwa wingi, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku tatu tu sheria mpya iliyopata nguvu tarehe 1 Machi 1968, ikimnyima haki ya kuingia mwenye pasipoti ya Uingereza ambaye yeye mwenyewe, mzazi wake au babu yake hakuzaliwa wala kusajiliwa huko. Badala ya haki hiyo ilitolewa vocha maalumu, 1,500 kwa mwaka kwa kuanzia, nayo ilimhusu mkuu wa kaya peke yake. Hapa ndipo penye jambo la kuangaliwa kwa karibu. Kwa kawaida mkuu wa kaya alikuwa mume. Mwanamke aliyeolewa hakukubaliwa kuwa mkuu wa kaya hata kama pasipoti ya Uingereza ilikuwa yake na mumewe hakuwa nayo, isipokuwa awe mjane au mumewe awe hajiwezi. Hivyo nyumba ambamo mke ndiye mwenye pasipoti iliyohitajika haikuwa na mtu wa kuomba vocha: mume hakuwa na pasipoti, na mke hakuwa mkuu.

Dhana hiyo ilionyesha ukatili wake wote mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Katika ukaguzi wa uraia uliofanywa Kampala, watu wengi walioamini kuwa ni raia wa Uganda walivuliwa uraia kwa hitilafu za makaratasi, wakabaki bila uraia wa nchi yoyote. Wake zao wenye pasipoti za Uingereza walipokelewa Uingereza pamoja na watoto. Waume walipelekwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi katika kambi za mpito huko Austria, Italia, Malta na kwingineko. Serikali ya Uingereza iliyowapokea wakimbizi wapatao 28,000, jambo ambalo ni haki kulisifu, ilishikilia kwamba familia humfuata baba, kwa hiyo wanawake hao waliambiwa kwamba wakitaka kuwa na waume zao, wao ndio wawafuate huko waliko, ijapokuwa huko waliko palikuwa kambini.

Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya, chombo kilichopokea malalamiko kabla hayajafika mahakamani Strasbourg, ilikuwa tayari na mashauri ya Waasia wa Afrika Mashariki mezani. Ripoti yake ya Desemba 1973 ilisema kwamba sheria ya 1968 iliwabagua watu kwa rangi zao kiasi cha kuwadhalilisha, na kwamba waume watatu waliozuiwa kuungana na wake zao walibaguliwa kwa jinsia yao. Ripoti hiyo haikuchapishwa hadharani hadi mwaka 1994, na kucheleweshwa huko kuliwanyima walioteseka nafasi ya kusikia, wakati ambapo ingewafaa, kwamba walikuwa na haki. Hata hivyo kelele za wanawake wenyewe zilizaa matunda mapema zaidi, kwani mwaka 1974 waziri mpya, Roy Jenkins, aliwarudishia waume ruhusa ya kuingia.

Ruhusa hiyo haikudumu. Kanuni za mwaka 1980, zilizoletwa na serikali ya Margaret Thatcher, zilimtaka mke awe raia aliyezaliwa Uingereza au mwenye mzazi aliyezaliwa huko, na zilianzisha kanuni ya lengo kuu, iliyomlazimisha mume athibitishe kwamba hakuoa kwa nia ya kuhamia. Kuthibitisha kutokuwepo kwa nia ni kazi ngumu, na maofisa wa viza katika Bara Hindi waliifanya kuwa ngumu zaidi kwa kuigeuza mila kuwa ushahidi dhidi ya mwombaji: kwa kuwa desturi ya huko ni bibi harusi kuhamia kwa mumewe, bwana harusi aliye tayari kumfuata mke ughaibuni alionekana kwamba anaifuata ajira. Wanandoa walihojiwa mbalimbali, majibu yao yakalinganishwa, na tofauti ndogo kuhusu nani alipeleka posa au lini ilitosha kuwa sababu ya kunyimwa viza. Baadaye majaji walikubali kwamba mapenzi yaliyodhihirika baada ya harusi yaweza kuonyesha nia njema, na hapo barua na kumbukumbu za simu zikawa mali ya kuhifadhiwa kwa ajili ya rufani.

Wanawake watatu, Nargis Abdulaziz aliyezaliwa Malawi, Arcely Cabales kutoka Ufilipino na Sohair Balkandali mzaliwa wa Misri, waliipeleka Uingereza Strasbourg. Serikali ilijitetea kwa hoja ya ajira: asilimia 90 ya wanaume wenye umri wa kufanya kazi walikuwa katika soko la kazi, dhidi ya asilimia 63 ya wanawake, hivyo kumzuia mume ni kulinda kazi za wenyeji. Mahakama haikushawishika, na tarehe 28 Mei 1985 iliamua kwamba wanawake hao walibaguliwa kwa jinsia yao. Serikali ilitii hukumu kwa njia ya kuhuzunisha, kwani haikuwaondolea waume masharti, iliwaongezea wake masharti yaleyale.

Kanuni ya lengo kuu ilifutwa Juni 1997. Kuanzia Julai 2012 kipimo kikawa pesa: mwenza aliyeko Uingereza alitakiwa kuwa na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa hadi pauni 29,000 mwezi Aprili 2024, na mshahara ambao mwombaji angeupata baada ya kufika hauhesabiwi.

Wanaofanya kazi kwa viza ya muda wana kanuni zao. Mwaka 2022 wahudumu wa wazee na wagonjwa, wengi wao kutoka India, Nigeria na Zimbabwe, walifunguliwa mlango wa viza ya kazi, wakaruhusiwa kuja na wenza na watoto. Tarehe 11 Machi 2024 ruhusa hiyo iliondolewa kwa waombaji wapya, na mume wa mhudumu kama huyo, akitaka kuishi naye, ikambidi atafute mwajiri na viza yake mwenyewe, kama walivyolazimika waume wa mwaka 1969. Kwa waliotegemea kuingia kwa kazi hiyohiyo ya uhudumu, hata njia hiyo ilifungwa Julai 2025, uajiri wa wahudumu wapya kutoka ng'ambo uliposimamishwa.