Nani Aarifiwe, na Lini: Mabishano ya Utaratibu katika Mashauri ya Saa za Ziada ya Wafanyakazi wa Mafuta Nchini Marekani, 1938–2023

Katika historia ya sheria za kazi, macho ya watafiti huvutwa zaidi na haki yenyewe: je, mfanyakazi alistahili kulipwa au hakustahili? Makala haya yanaelekea kwenye swali ambalo kwa kawaida huachiwa mawakili, yaani utaratibu wa kudai. Wafanyakazi wengi wa visima vya mafuta nchini Marekani hulipwa kwa siku, nao hushika zamu za saa 12 kwa majuma kadhaa mfululizo. Kwao utaratibu umekuwa na nguvu ya kuamua nani apate fedha na nani akose, hata kabla jaji hajauliza kama fedha hizo zilikuwa halali yao.

Chanzo ni Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi, ambayo Rais Franklin Roosevelt aliitia saini tarehe 25 Juni 1938. Baada ya kipindi cha mpito, sheria hiyo iliagiza kwamba kila saa inayozidi 40 kwa juma ilipwe mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Aidha, iliruhusu mfanyakazi kushtaki kwa niaba yake na ya wenzake walio katika hali inayofanana. Mwaka 1946, katika shauri la wafinyanzi wa Mount Clemens, Michigan, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata muda wa kutembea kutoka langoni hadi mahali pa kazi ungeweza kuhesabiwa. Mashauri yakafurika, waajiri wakalalamika, na Bunge likajibu kwa sheria ya tarehe 14 Mei 1947. Sheria hiyo ilitaka kila anayejiunga na shauri awasilishe idhini yake ya maandishi mahakamani, na ikaweka ukomo wa miaka miwili wa kudai. Mwaka wa tatu uliongezwa mwaka 1966 kwa mwajiri aliyevunja sheria kwa makusudi.

Masharti hayo mawili, yakisomwa kando kando, hayatishi. Yakisomwa pamoja, yanazaa tatizo. Ukomo hausimami siku mfanyakazi wa kwanza anapofungua shauri. Kwa kila mmoja wa wenzake husimama siku ile tu idhini yake mwenyewe inapopokelewa mahakamani. Kila juma linalopita bila idhini hufuta juma moja la malipo ya zamani. Katika uchimbaji wa mafuta hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa bei ikiporomoka mitambo husimamishwa na watu hutawanyika katika majimbo mbalimbali. Aliyekuwa Texas Magharibi mwaka jana huenda sasa yuko North Dakota, na habari za shauri hazimfikii.

Ndiyo maana barua ya taarifa ikawa uwanja wa vita. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba jaji anaweza kusimamia upelekaji wa taarifa kwa wale wanaoweza kujiunga. Wakati huo mahakama nyingi zilikuwa zikielekea kwenye njia ya hatua mbili iliyotokana na shauri la Lusardi dhidi ya Xerox la 1987: kwanza taarifa hutumwa kwa ushahidi mwepesi, kisha baadaye jaji huchunguza kwa makini kama wafanyakazi hao kweli wanafanana. Shauri lililoifafanua njia hii katika Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tano, inayohudumia Texas, Louisiana na Mississippi, lilitoka katika sekta ya mafuta kwenyewe, ingawa halikuhusu saa za ziada. Mwaka 1995 waliokuwa wafanyakazi wa Aramco Services walidai kwamba walibaguliwa kwa sababu ya umri, na sheria ya ubaguzi wa umri ilikuwa imeazima utaratibu wa ile ya 1938. Mahakama iliieleza njia hiyo bila kuifanya kuwa sharti.

Waajiri walikuwa na hoja ambayo si haki kuipuuza. Taarifa ikiwafikia mamia ya watu kabla ya uchunguzi, gharama za utetezi hupanda kiasi kwamba mdaiwa hulipa ili yaishe, hata kama dai ni dhaifu. Mwaka 2019 Mzunguko wa Tano ulizuia taarifa kwa wafanyakazi waliofungwa na mikataba halali ya usuluhishi. Mnamo Januari 2021, katika shauri la madereva wa malori wa kampuni ya KLLM, uliikataa kabisa njia ya Lusardi: jaji sharti aridhike mapema kwamba wafanyakazi wanafanana, hata ikibidi ushahidi ukusanywe kwanza. Uamuzi huo una mantiki yake, lakini miezi ya kukusanya ushahidi hutolewa katika muda wa mfanyakazi ambaye bado hajui kwamba shauri lipo.

Utaratibu haukuishia kwenye taarifa. Baharini, nje ya pwani ya California, mfanyakazi wa Parker Drilling alikaa kwenye jukwaa la mafuta kwa vipindi vya siku 14, saa 12 akiwa zamuni na saa 12 akisubiri kuitwa. Alishtaki katika mahakama ya jimbo, kwa sheria ya jimbo, iliyokuwa na manufaa zaidi kwake. Shauri lilihamishiwa mahakama ya shirikisho, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kauli moja kwamba pale sheria ya shirikisho inapogusa jambo, sheria ya jimbo haina nafasi kwenye majukwaa hayo. Swali la sheria ipi itumike lilimnyima malipo ya saa za kusubiri aliyoyadai chini ya sheria ya California.

Kinyume chake ni shauri la Helix Energy Solutions. Msimamizi wa mtambo aliyeifanyia kazi kampuni hiyo kati ya 2014 na 2017 alilipwa kwa siku, akapata zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, na alipokuwa baharini alifanya kazi saa 84 kwa juma. Tarehe 22 Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba ujira wa siku wa aina hiyo si mshahara, hivyo alistahili malipo ya saa za ziada. Ushindi huo uligusa desturi ya malipo ya sekta nzima. Hata hivyo, mwenzake aliyeacha kazi pamoja naye mwaka 2017, akangoja kwanza kuona mahakama itasemaje, dai lake lingekuwa limekufa kabla ya mwaka 2020 kumalizika, hata kwa hesabu ndefu ya miaka mitatu.

Mwaka huohuo wa 2023 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Sita, inayohudumia Ohio, ilibuni kipimo chake: taarifa itumwe tu pakiwa na uwezekano mkubwa kwamba wafanyakazi wanafanana. Jirani, katika Pennsylvania, ushahidi wa kiasi uliendelea kutosha. Kampuni yenye mitambo Texas, Ohio na Pennsylvania ikajikuta chini ya kanuni tatu, na wakili wa wafanyakazi akawa na sababu ya kupima, kabla ya jambo lolote, shauri lifunguliwe wapi.