Raisi na Bunge: Ugomvi wa Mwezi wa Tisa 1960

Hapa kwetu Lushebere, na pote Masisi na Walikale, tunasikia mara nyingi kwamba inchi iliharibika mwaka 1960 kwa sababu Kasa-Vubu na Lumumba hawakupatana. Ni kweli, hawakupatana. Lakini ni sheria yenyewe iliyokuwa imefunga ngombe dume wawili katika zizi moja.

Sheria ya Musingi ilitiwa sahihi na Mufalme Baudouin tarehe 19 Mei 1960. Kifungu cha 22 kilisema kwamba Mukubwa wa Inchi anaweka na kuondosha waziri wa kwanza na mawaziri. Maneno hayo yalifuata Katiba ya Ubelgiji. Lakini kule desturi isiyoandikwa inamuzuia mufalme kuondosha serikali inayotumainiwa na Bunge. Sisi tulipewa maandiko. Desturi ilibaki Bruxelles.

Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu akatangaza kwa radio kwamba amemuondosha Lumumba. Mawaziri wawili, Bomboko na Delvaux, wakatia sahihi. Lumumba naye akajibu kwa radio kwamba Kasa-Vubu si Raisi tena, neno lisilokuwa na kifungu hata kimoja. Tarehe 7 Baraza la Wabunge likafuta yote mawili, sauti 60 kwa 19. Kesho yake Seneti ikasimama upande wa Lumumba. Nani alikuwa na haki? Kwa herufi ya sheria, Kasa-Vubu. Kwa roho yake, tunaona, ni Bunge, kwani ndilo lililoipa serikali ile tumaini mwezi wa Juni. Mahakama ya Katiba ilitajwa katika sheria, lakini ilikuwa haijaundwa bado. Tarehe 14 Koloneli Mobutu akakata neno kwa nguvu ya jeshi.

Katiba ya Luluabourg ya 1964 ikamuongezea Raisi nguvu. Oktoba 1965 akamuondosha Tshombe, akamuweka Kimba. Tarehe 14 Novemba Bunge likamukataa Kimba. Kisha siku kumi, Mobutu tena.

Katiba ya 18 Februari 2006 inataka waziri wa kwanza atoke katika wabunge walio wengi, wala haimupi Raisi ruhusa ya kumufukuza kwa neno lake peke yake. Lakini Mei 2021 Raisi akaweka Kivu ya Kaskazini chini ya hali ya kuzingirwa. Guverneri akawa askari, kazi ya Baraza la Jimbo kule Goma ikasimamishwa. Kufuatana na kifungu cha 144, kisha siku 30 za kwanza ni Bunge la Kinshasa linaloruhusu kuendelea, siku 15 kwa siku 15. Likaruhusu, likaruhusu tena, mara nyingi mno.