Wazee Ambao Hawakurudi Ushago

Enzi za kipande, Mwafrika alikuwa mgeni Nairobi: kazi ikiisha, aende kwao. Uhuru ulikuja, dhana ikabaki. Mzee akichoka hufunga virago, arudi ushago. Sasa aliyezaliwa Mathare, ushago wake ni upi?

Watafiti wa APHRC walipoanza kufuatilia kaya za Korogocho na Viwandani mwanzoni mwa miaka ya 2000, walirudi milango ileile mara kadhaa kwa mwaka. Huko ndiko wazee waliko: wanalea wajukuu, wanalipa kodi ya nyumba, wanauza sukuma. Hawako njiani kwenda popote.

Pesa ya wazee ilianza kwa majaribio katikati ya muongo huo. Mwaka 2018 ikafunguliwa kwa kila aliyefikisha miaka 70 na hana pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. (Nairobi hiyo si kodi ya chumba.) Lakini umri ni ule wa kitambulisho, na wengi wa rika hilo hawakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa, karani alikisia tu, akaandika. Shosho anayekumbuka vizuri Hali ya Hatari ya 1952 anaambiwa miaka yake haijatosha, angoje.