Mwigizaji Katikati ya Maandamano: Medium Cool na Chicago ya 1968

Filamu inayochanganya matukio halisi na hadithi ya kubuni wakati wa machafuko ya kisiasa hutengenezwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuchukua picha za habari zilizokwisha kupigwa na kuzipachika ndani ya hadithi. Ya pili ni nadra na ni ya hatari zaidi: waigizaji huingizwa katika tukio lenyewe likiwa linaendelea, na hakuna ajuaye litaishaje. Mfano mashuhuri wa njia hii ya pili ni Medium Cool, filamu ya Haskell Wexler iliyopigwa mwaka 1968, sehemu kubwa Chicago, na kutolewa mwaka uliofuata.

Wexler, mzaliwa wa Chicago, alikuwa tayari mpigapicha mwenye jina na tuzo ya Oscar. Filamu ilitokana na riwaya ya Jack Couffer kuhusu mtoto na wanyama mjini. Wexler alimbakiza mtoto na njiwa wake, mengine akayaacha, akatunga hadithi ya John Cassellis, mpigapicha wa televisheni anayeigizwa na Robert Forster. John anajuana na Eileen, mama aliyehamia mjini na mwanawe kutoka West Virginia, anayeigizwa na Verna Bloom. Mtoto mwenyewe hakuwa mwigizaji. Alitoka katika familia ya wahamiaji wa milima ya Appalachia waliokuwa wakiishi Uptown. Ilijulikana kuwa Chama cha Democratic kingefanya mkutano wake mkuu Chicago mwezi Agosti, na kwamba wapinzani wa vita vya Vietnam wangefika. Wexler akaiandaa hadithi yake mapema, akiacha ndani yake nafasi ya ghasia ambazo zilikuwa hazijatokea.

Si yeye peke yake aliyejiandaa. Filamu inaonyesha mazoezi halisi ya askari wa akiba wa jimbo la Illinois, ambapo baadhi yao wamevishwa mavazi ya vijana waandamanaji na kubeba mabango, huku wenzao wakijifunza kuwatawanya. Hapa mchanganyiko unageuka kichwa chini: kipande hiki ni cha hali halisi, lakini waliomo wanaigiza. Serikali nayo ilikuwa imeandika mchezo wake, ikamgawia kila mtu nafasi yake kabla ya mwandamanaji wa kwanza kuwasili. Ni vigumu kupata kipande kingine cha filamu kinachoonyesha wazi kiasi hiki kwamba ghasia za Agosti hazikuzuka ghafla.

Zilipofika siku za mkutano, Forster alionekana ndani ya ukumbi akifanya kazi ya mhusika wake kati ya wajumbe wa kweli. Huko nje, Bloom alitembea kati ya waandamanaji na askari, akiwa amevaa gauni la manjano, akimtafuta mwana wa kubuni. Rangi ya gauni hilo ndiyo inayoliongoza jicho. Nyuma yake kuna magari ya jeshi yaliyofungwa fremu za seng'enge kwa mbele, kuna vijana wenye damu vichwani, na virungu vya polisi vinafanya kazi. Ripoti rasmi ya uchunguzi iliyotoka Desemba mwaka huo ilisema kwamba polisi wenyewe walifanya fujo. Mtazamaji wa Medium Cool alikuwa na sababu ya kuamini hivyo, kwa kuwa alifuatana na mama mmoja hatua kwa hatua, nafasi ambayo taarifa ya habari ya dakika mbili haimpi.

Kipande kinachotajwa zaidi ni kile cha gesi ya machozi. Bomu linaanguka karibu na kamera, na sauti inamwonya Haskell kwa jina kwamba hii ni ya kweli. Kwa miaka mingi onyo hilo lilichukuliwa kuwa ushahidi wa ukweli kuingia ndani ya hadithi. Baadaye Wexler mwenyewe alieleza kuwa sauti hiyo iliongezwa wakati wa uhariri. Gesi ilikuwa ya kweli na ilimuumiza macho; maneno yalitungwa. Jambo hili halifanyi filamu kuwa ya udanganyifu, lakini linawapasa wahakiki kuacha kupima uhalisi kwa mtikisiko wa kamera au kwa sauti iliyonaswa kama kwa bahati. Alama hizo hutengenezeka. Kinachoweza kuthibitishwa ni namna picha ilivyopatikana: nani alikuwa wapi, nini kilirekodiwa palepale, na nini kiliongezwa katika chumba cha uhariri.

Hoja nzito zaidi ni ya maadili. Waandamanaji waliopigwa hawakukubali kuwa mandhari ya hadithi ya mtu mwingine. Wexler alilitambua tatizo hilo, akalifanya kuwa kiini cha filamu. Katika tukio la kwanza, John na mrekodi sauti wake wanampiga picha mwanamke aliyeumia katika ajali ya gari, wanamaliza kazi yao, ndipo wanapoita gari la wagonjwa. Baadaye John anagundua kuwa kituo chake kimekuwa kikiwapa wapelelezi wa serikali picha alizopiga, na anakasirika. Mwishoni Wexler anaigeuza kamera yake ielekee kwa watazamaji. Kujishtaki huku ni kwa dhati, ingawa hakumwondolei mwenye kamera wajibu kwa aliyepigwa kirungu mbele yake.

Njia ya kwanza inapunguza mzigo huo. Katika Memorias del subdesarrollo, iliyotoka Cuba mwaka huohuo wa 1968, Tomás Gutiérrez Alea alitumia picha za habari za wafungwa wa uvamizi wa Playa Girón, na sauti ya Sergio, mhusika wake mkuu, ikizitafakari. Sergio hayumo katika picha hizo, na mshono kati ya kumbukumbu na hadithi unaonekana wazi. Alea alipata nafasi ya kufikiri juu ya tukio lililopita, ila hakupata kile alichokipata Wexler: mwigizaji ambaye, kama watu wote waliokuwa pale, hakujua saa inayofuata ingeleta nini.