Picha ya Pili ya West Nile

Januari 1910, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameondoka Ikulu ya Marekani mwaka uliotangulia, alipiga kambi ukingo wa magharibi wa Nile, katika Lado iliyokuwa imetawaliwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alikuja kuwinda vifaru weupe kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian, na mwanawe Kermit alibeba bunduki pamoja na kamera. Mahali hapo leo panaitwa Rhino Camp. Picha za msafara zilichapishwa mwaka huohuo: vifaru, nyasi, miti iliyotawanyika. Kisha wapigapicha wakaenda zao. Nchi hiyo, ambayo leo ni West Nile, kuanzia Arua hadi Oraba mpakani mwa Sudan Kusini, iliingizwa Uganda mwaka 1914. Vifaru weupe wa mwisho walitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Rhino Camp ikawa makazi ya wakimbizi. Kati ya picha ile na hali ya sasa kuna pengo la zaidi ya karne, na pengo hilo ndilo linalolisha ubishi wetu juu ya nani aliyemaliza miti.

Maana picha moja haithibitishi badiliko lolote. Ushahidi huanza pale mtu anaporudi kusimama palepale. Vittorio Sella alipiga picha barafu ya Rwenzori mwaka 1906, na kwa kuwa wengine walirudi kwenye vilele vilevile, hakuna anayebisha kwamba barafu ile, iliyokuwa na takriban kilomita za mraba 6.5, ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba kufikia 2003. West Nile haina mfululizo kama huo. Ndiyo sababu, tangu wakimbizi wa Sudan Kusini walipomiminika mwaka 2016, wengine wakipitia Oraba, kila mti uliokatwa unahesabiwa kuwa kosa lao, ilhali ukaushaji wa tumbaku, uchomaji wa matofali na biashara ya mkaa vilikuwa vikila kuni hapa miaka mingi kabla yao. Huenda wote wamechangia. Lakini nani kiasi gani, na lini? Bila picha ya awali, anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Wapo watakaosema setilaiti zinatosha. Zinasaidia sana kupima ukubwa wa msitu, ila katika picha zake za kawaida ni vigumu kutofautisha mshea mzee na mwembe wa juzi, na kwa mama anayekamua mafuta ya shea tofauti hiyo ni riziki. Pingamizi la msimu lina uzito zaidi: Januari nyasi zimeungua, Agosti ni kijani kitupu, na mtu akitaka kudanganya anachagua mwezi. Dawa yake ni kurudi mwezi uleule, kuelekea upande uleule, na kuandika tarehe. Hapo mkazi mwenye simu anamzidi mtaalamu wa kupita, kwa kuwa yeye yupo mwaka mzima, na mkimbizi aliyekaa miaka kumi naye ni mkazi. Ni kweli kwamba mpakani kamera huzua mashaka kwa askari. Basi vichaguliwe visima, miamba na viwanja vya shule vilivyo mbali na daraja la Kaya la mpakani, na mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji, ajulishwe mapema. Nakala za picha zihifadhiwe Chuo Kikuu cha Muni, Arua, ambako mwenyeji na mkimbizi wanaweza kuzidai kwa haki sawa.