Kipa Hakomai kwa Siku Moja: Historia ya Makipa wa Montréal

Zamu ya insha imenifikia mimi, na najua wengine mtashangaa: huyu anatoka wapi na habari za barafu, wakati sisi tope la barabara ya kwenda kisimani tu linatushinda? Nivumilieni kidogo, mtaona ninapoelekea.

Wengi mnanijua kama kijana wa fulana ya kujitolea anayepanga foleni siku ya mgao. Wachache mnakumbuka kwamba nilikuwa kipa. Nikiwa na miaka 17 nilidakia timu ya mtaa wetu kwenye mashindano ya kambi. Robo fainali mvua ilinyesha, nikafungwa magoli manne kabla ya mapumziko, mawili kati ya hayo ya aibu kabisa. Nikatolewa. Msimu uliofuata sikuitwa, na hapakuwa na timu nyingine ndogo ambapo ningerudi kujaribu. Mpira kwangu uliishia pale. Simlaumu kocha, naye alikuwa kijana tu kama mimi. Lakini swali lilinibakia kichwani: hivi kipa anatengenezwaje?

Sasa, dada yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, alihamishiwa Kanada na anaishi Montréal, mji ambao Wakongo na Warundi wengi wapo kwa sababu ya Kifaransa. Siku moja akanitumia sauti kwenye simu, anacheka: eti huku watu wanabishana kuhusu kipa kuliko kuhusu siasa. Kipa wa hoki ya barafuni. Nikaanza kusoma kila nilichopata, usiku nikiwa nasubiri simu ichaji. Nimekuta historia ya zaidi ya miaka mia moja ya timu moja iliyokuwa inajifunza kulea makipa.

Kwanza mchezo wenyewe. Wachezaji sita kila upande, kipa akiwemo, wamevaa viatu vyenye chuma cha kutelezea. Hawana mpira, wanapiga kwa magongo kisahani cha raba ngumu, unene wake kama sentimita 2.5. Mpigaji mwenye nguvu anaweza kukirusha kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20. Goli ni dogo, upana mita 1.83 na urefu wa kwenda juu mita 1.22, na kipa anasimama mbele yake kajifunga mapedi mazito.

Timu ninayosema ni Montreal Canadiens. Ilianzishwa mwaka 1909, hata kabla ya ligi kubwa ya NHL yenyewe, iliyoanza 1917. Imebeba Kombe la Stanley mara 24, hakuna iliyobeba mara nyingi zaidi.

Kipa wao mkubwa wa kwanza walimpata kwa bahati. Mwaka 1910 walisafiri kwenda mji mdogo wa Chicoutimi kucheza mechi ya kirafiki, na timu ya wenyeji ikawashinda. Golini alikuwepo kijana anaitwa Georges Vézina. Wakamchukua. Kuanzia hapo hakukosa mechi hata moja kwa miaka 15, mpaka Novemba 1925 alipotoka uwanjani akiwa na homa kali. Ilikuwa kifua kikuu. Alifariki Machi 1926, na hadi leo tuzo ya kipa bora wa NHL inaitwa kwa jina lake. Angalieni jambo hili: hakuna aliyemlea Vézina. Kama timu isingepita mjini kwao, dunia isingemjua. Na siku zake kazi ilikuwa tofauti, maana kabla ya 1918 kanuni za ligi zilimkataza kipa kujiangusha kwenye barafu. Alidaka akiwa amesimama.

Baadaye alikuja Jacques Plante, mtoto wa kwanza kati ya watoto 11, familia maskini. Mama yake alimfundisha kufuma sweta na kofia, na alifuma hata alipokuwa nyota. Wakati wake ligi ilikuwa na timu sita tu, na timu haikulazimika kuwa na kipa wa akiba. Yaani kazi za kipa zilikuwa sita kwenye ligi nzima! Plante alipita timu za chini, akaitwa mechi moja moja, akarudishwa, mpaka alipokaa kwenye nafasi yake katikati ya miaka ya 1950. Halafu Montréal wakabeba Kombe mara tano mfululizo, 1956 hadi 1960.

Tarehe 1 Novemba 1959, kule New York, kisahani kilimpasua uso. Akashonwa, kisha akamwambia kocha Toe Blake: sirudi bila barakoa yangu. Kocha hakuipenda barakoa. Lakini kipa mwingine hakuwepo, akakubali. Plante akarudi na barakoa, timu ikashinda, na polepole makipa wengine wakamfuata. Baadaye aliandika kitabu cha kufundisha kudaka na akafundisha makipa wadogo. Nadhani alikuwa ameona tatizo: kipa aliachwa ajifunze peke yake, kwa uso wake mwenyewe.

Mwaka 1963 ligi ilianza drafti, yaani timu zinachagua vijana kwa zamu. Drafti ya 1964 Boston walimchagua mtoto anaitwa Ken Dryden. Baada ya siku chache wakawapa Montréal haki ya kumsajili, wakapokea vijana wawili ambao hawakuja kucheza NHL hata mechi moja. Dryden hakukimbilia pesa. Alikwenda kusoma chuo kikuu cha Cornell, Marekani, akacheza huko na kutwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1967. Montréal walimsubiri. Msimu wa 1970–71 walimweka kwenye timu yao ya chini, na mwishoni wakampandisha, akacheza mechi sita tu. Halafu kwenye mtoano wakampanga yeye! Raundi ya kwanza wapinzani walikuwa haohao Boston, mabingwa watetezi. Wakawatoa kwa mechi saba, wakabeba Kombe, na Dryden akawa mchezaji bora wa mtoano. Tuzo ya mchezaji mgeni aliipata mwaka uliofuata, kwa sababu kwa hesabu za ligi alikuwa bado mgeni. Huku anacheza alimaliza na shahada ya sheria McGill. Alistaafu 1979 akiwa na Makombe sita.

Hapo timu ilikuwa imejifunza kusubiri. Somo lililofuata lilikuwa kufundisha.

Patrick Roy alichaguliwa 1984, nafasi ya 51. Hakuwa anatoka kwenye timu nzuri. Kule Granby alikofanya ujana wake timu ilikuwa dhaifu na alifungwa magoli mengi sana. Ukiangalia namba zake tu ungesema huyu hafai. Montréal wakaona kingine: kijana anayepigwa mashuti mengi kila wiki na bado anataka kurudi golini. Februari 1985 walimpa kipindi kimoja cha NHL, timu ikashinda, wakamshusha tena. Baadaye alipelekwa Sherbrooke, kwenye timu ya chini ya klabu inayocheza ligi ya AHL, akaanza kama kipa wa akiba.

Sherbrooke alikutana na François Allaire, kocha ambaye kazi yake ilikuwa makipa peke yao. Hilo lilikuwa jambo geni. Allaire alimwekea msingi wa mtindo wa kipepeo: kipa anapiga magoti yote mawili, miguu inafunguka kushoto na kulia kama mabawa, na sehemu ya chini ya goli inazibwa. Mtindo ulikuwepo kabla yao, lakini hawa wawili waliufanya kuwa somo la kufundishwa hatua kwa hatua: usimame wapi, ushuke lini, uinuke vipi. Mwaka ule ule Roy akapata nafasi ya kwanza na Sherbrooke wakabeba kombe la ligi yao. Mwaka mmoja baadaye, 1986, akiwa na miaka 20, alibeba Kombe la Stanley na kuwa mchezaji bora wa mtoano, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata tuzo hiyo. Mwaka 1993 akarudia yote mawili, na katika mtoano huo Montréal walishinda mechi kumi mfululizo za muda wa nyongeza.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonigusa.

Tarehe 2 Desemba 1995 Montréal walicheza nyumbani na Detroit. Mambo yakaharibika. Roy akafungwa moja, tatu, tano, na kocha Mario Tremblay hakumtoa. Mashabiki walipomwona anadaka shuti jepesi wakampigia makofi ya kejeli, naye akainua mikono juu. Alitolewa akiwa amefungwa tisa kwa mashuti 26, na mechi iliisha 11–1. Akampita kocha, akamwendea rais wa klabu aliyekuwa ameketi nyuma ya benchi, akamwambia hii ndiyo mechi yangu ya mwisho Montréal. Siku nne baadaye alipelekwa Colorado. Miezi michache tu, Juni 1996, akabeba Kombe na Colorado, na 2001 akabeba tena. Montréal, kwa zaidi ya miaka 30 baada ya 1993, hawakulibeba tena.

Niliposoma habari hiyo usiku niliweka simu chini. Mimi ni mtu wa magoli manne ya kambini, sijilinganishi na Roy. Lakini nimeelewa kwamba hata klabu tajiri, iliyotumia miaka kumlea mtu, inaweza kumpoteza usiku mmoja kwa kutojua la kufanya naye siku anapofungwa.

Je, walijifunza? Naona ndiyo, na ushahidi ni Carey Price. Alikulia Anahim Lake, kijiji cha mbali magharibi ya Kanada. Mama yake alikuwa chifu wa jamii ya wenyeji wa asili, Ulkatcho. Baba yake alikuwa kipa aliyechaguliwa kwenye drafti lakini hakufika NHL, na alimfundisha mtoto kwenye kijito kilichoganda. Timu ya watoto ilikuwa mji wa Williams Lake, zaidi ya kilomita 300, basi baba akanunua kindege kidogo akawa anamrusha kwenda mazoezini.

Montréal walimchagua wa tano mwaka 2005, ingawa walikuwa tayari na kipa mwenye tuzo kubwa. Hawakumharakisha. Alirudi timu yake ya vijana. Mwaka 2007 alishinda ubingwa wa dunia wa vijana, halafu akiwa na miaka 19 akaipeleka timu ya chini, Hamilton, kwenye kombe la AHL. Alipopanda akayumba, Januari 2008 wakamshusha Hamilton kidogo, kisha akarudi. Mwaka 2010 mambo yalikuwa mabaya: kwenye mtoano alikaa benchi, kipa mwenzake Jaroslav Halak akang'ara na kupendwa na mji mzima. Klabu ilipoamua kumuuza Halak na kubaki na Price watu walikasirika, na mechi ya maandalizi ya nyumbani wakamzomea.

Wakambakiza golini. Msimu huo alicheza mechi 72 na kushinda 38. Mwaka 2014 alidakia Kanada dhahabu ya Olimpiki. Msimu wa 2014–15 alishinda mechi 44, akavunja rekodi ya klabu ya 42 waliyokuwa nayo Plante na Dryden, na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Siku ya kupokea tuzo alisema maneno kwa lugha ya kwao mama yake, akiwaambia vijana wa jamii za asili wasikate tamaa.

Ndugu zangu, sisi hakuna wa kutufundisha kusubiri. Tumesubiri kadi, tumesubiri usaili, wengine wanasubiri tangu walipokuwa watoto wa kubebwa. Lakini kusubiri kwa Roy kule Sherbrooke kulikuwa na mechi kila wiki, na mtu mmoja aliyemwangalia yeye. Kusubiri kwa Price baada ya kuzomewa kulikuwa na mechi ya kesho. Mtu akisubiri hivyo anakua. Akisubiri bila mechi na bila wa kumwangalia anazeeka tu, hata kama ana miaka 20.

Na nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa, nawaheshimu, mnatusaidia mengi. Ila siku ya vipaji inayofanyika mara moja kwa mwaka, picha zikapigwa, watoto wawili wakachaguliwa, hiyo ni kama kumtafuta Vézina: bahati ya kupita mjini. Tupeni ligi ndogo ya kila wiki, hata na mipira mibovu. Na msiangalie tu nani ameshinda. Ulizeni yule aliyefungwa yuko wapi wiki hii.

Mimi nimeanza kwa nilichonacho. Kila Jumamosi jioni, nyuma ya kituo cha maji, nina watoto watano wanaotaka kudaka, wawili ni wasichana. Glavu ni jozi mbili, tunabadilishana. Jumamosi iliyopita mmoja alifungwa matatu, akatoka analia, akavua glavu akazitupa. Nimepita kwao jana nikamwambia mama yake: mwambie Jumamosi hii anaanza yeye.

Karibuni maoni, na mwenye glavu za zamani asitupe.